Sikufika kilele cha Mont Blanc, naomba habari isahihishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe habari inayonihusu mimi mwenyewe. Katika makala ya utalii mliyoichapisha hivi karibuni, mwandishi wenu aliwasifu Watanzania wanaofanya makubwa ughaibuni, na miongoni mwao akamweka, bila kumtaja jina, mwongozaji mmoja wa wapanda mlima kutoka Marangu ambaye alikwenda Ufaransa akaupanda Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Alpi, kwa wepesi wa mtu anayekwenda gulioni. Pembeni mliweka picha ya mwanamume mwenye miwani ya jua na koti jekundu, nyuma yake theluji tupu hadi macho yanapoishia. Mwanamume huyo ni mimi. Koti ni la kuazima, miwani ni yangu, na kilele cha Mont Blanc sijawahi kukikanyaga.

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa sifa ya bure haimchomi mtu, na majirani zangu wamekwisha kunipongeza kiasi kwamba kuwakatalia sasa ni kuwaharibia furaha. Lakini makala haikuishia kwenye sifa. Ilitoa na ushauri. Ilisema kwamba, kwa kuwa Mont Blanc haifikishi hata mita 4,810 ilhali Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895, mtu yeyote aliyewahi kufika Uhuru anaweza kuupanda mlima ule bila mwongozaji, na kwamba kule hakuna geti wala kiingilio, kwa hiyo kinachotakiwa ni nauli na viatu tu. Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mtoto wa dada yangu anayesoma Lyon alinipigia simu akiwa amechangamka. "Shikamoo mjomba, nimeambiwa umetoka gazetini. Sisi Agosti tunakwenda huko huko, tuko wanne. Tubebe nini?" Hapo ndipo nilipoona kwamba kunyamaza kwangu kunaweza kuja kumgharimu mtu.

Nianze na hesabu ya mita, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya hata mimi. Kilele cha Mont Blanc ni kofia ya barafu na theluji iliyokaa juu ya mwamba, kwa hiyo urefu wake hautulii. Wapima ardhi wa mkoa wa Haute-Savoie wamekuwa wakiupima kila baada ya miaka miwili tangu 2001, na mwaka 2021 walipata mita 4,807.81, kisha mwaka 2023 wakapata mita 4,805.59. Sasa, anayelala kwenye vibanda vya Kibo katika njia yetu ya Marangu yuko kwenye mwinuko wa takriban mita 4,700, maana yake ni kwamba mgeni anapokunywa supu na kulalamikia baridi ya jioni, kabla hajapiga hata hatua moja ya safari ya usiku, amebakiza kama mita mia moja tu alingane na sehemu ya juu kabisa ya Alpi. Mimi nimelala Kibo mara nyingi kuliko nilivyolala kwa wakwe zangu. Ndani ya ndege ya kwenda Geneva nilipiga hesabu hiyo, nikajiambia kwamba wenzetu hawa wananiita kunionyesha kilima.

Aliyenialika ni mgeni wangu wa zamani, mzee mstaafu wa Kifaransa ambaye miaka kadhaa iliyopita nilimshusha kutoka Stella Point, karibu na Uhuru, alfajiri akiwa anatapika na kupepesuka. Alisema deni lile haliwezi kulipwa kwa kadi za Krismasi, akanikatia tiketi, na akamwajiri mwongozaji wa Chamonix kwa ajili yetu wawili. Katika Mont Blanc mwongozaji mmoja hachukui zaidi ya wageni wawili, kwa sababu wote watatu hufungwa katika kamba moja, na wageni wakiteleza ni yeye peke yake anayetegemewa kuwazuia. Nilipolisikia hilo nilicheka kidogo, nikikumbuka misafara yetu yenye wageni kumi na wawili, wapagazi thelathini na wapishi wawili. Kule hakuna mpagazi. Walikuwepo zamani, katika karne ya 19, wakibeba mablanketi, ngazi na chupa za mvinyo za mabwana. Lakini vibanda vya mlimani, treni na magari ya kebo vimeichukua kazi yao, na leo kila mtu anabeba mzigo wake mwenyewe mgongoni, hata aliye na pesa.

Siku ya kwanza hatukwenda mlimani. Mwongozaji alitupandisha kwenye kitreni cha meno kinachotoka Chamonix, mji ulio bondeni kwenye mita 1,035, hadi Montenvers, na kutoka hapo tukashuka ngazi za chuma, mamia kwa mamia, kuufikia mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Kwenye mwamba kando ya ngazi wamebandika vibao vyenye miaka, kuonyesha barafu ilifika wapi mwaka gani. Nilipofika kwenye kibao cha 1990 nilichungulia chini, nikaona barafu yenyewe bado iko mbali, imefunikwa vumbi na mawe kama barabara iliyotelekezwa. Mchaga anayeikumbuka Kibo ya utotoni mwake hahitaji kuelezwa maana ya vibao vile.

Huko chini nilifundishwa kutembea, na nasema hivi bila utani. Mimi ambaye kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wageni "pole pole" nilifungiwa meno ya chuma chini ya viatu, nikapewa shoka la barafu, na nikaambiwa nitanue miguu kama mtu anayevuka mfereji, kwa sababu anayetembea kwa kubana miguu hunasa meno ya kiatu kimoja kwenye suruali ya mguu wa pili na kuanguka kifudifudi. Nilinasa mara mbili kabla ya saa sita mchana. Suruali ninayo mpaka leo, ina tundu la kisigino hadi ugokoni. Kisha tukafundishwa kutembea katika kamba iliyonyooka baina yetu bila kulegea, ili mmoja akitumbukia kwenye ufa wa barafu wenzake wamshike kabla hajafika mbali. Nilimuuliza mwongozaji nyufa zile zina kina gani, akaokota jiwe, akalitupa katika mojawapo, tukasikiliza. Sikutaka kuuliza tena. Hapo nikatambua jambo ambalo ningepaswa kulijua siku nyingi: katika njia zetu za kawaida za Kilimanjaro mgeni anakanyaga udongo, mawe na changarawe tangu getini hadi kileleni, na barafu anaitazama pembeni na kuipiga picha. Nilikuwa nimeishi jirani na barafu miaka yote hiyo bila kuijua.

Njia iliyoelezwa katika makala yenu kama ya watembea kwa miguu inaanzia upande wa Saint-Gervais, jirani na Chamonix. Treni ya meno inakupandisha hadi Nid d'Aigle, takriban mita 2,370, halafu unatembea hadi kibanda cha Tête Rousse, mita 3,167, na juu yake kuna ukuta wa mwamba unaoishia kwenye kibanda cha Goûter, mita 3,835. Kutoka Goûter hadi kileleni ni mteremko na ukingo wa theluji ambao ukiwa na hali nzuri ya hewa na miguu yenye nguvu unaweza kuumudu. Penye shida ni baina ya vibanda viwili. Ili uufikie ukuta ule inakubidi ulivuke korongo lililosimama wima, ambalo upana wake si zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na ndani ya korongo hilo mawe yanashuka. Uchunguzi wa ajali katika kipande hicho kifupi kati ya Tête Rousse na Goûter ulihesabu watu 102 waliokufa kati ya mwaka 1990 na 2017. Hao hawakuuawa na mwinuko. Wengi wao walipigwa na mawe au waliteleza.

Sababu yake niliielezwa vizuri na mwongozaji wetu, naye alieleza kama fundi wa ujenzi. Mwamba wa pale umepasukapasuka, na kinachoushikilia ni barafu iliyo ndani ya nyufa, kama saruji inavyoshikilia matofali. Usiku ukiganda sawasawa, saruji inakamata. Jua likipiga, au usiku ukiwa wa joto, saruji inageuka maji na matofali yanaachia. Kwa hiyo adui wa mpanda mlima kule, katika miezi ambayo ndiyo msimu, ni joto. Sisi nasi tunaondoka Kibo saa sita usiku changarawe ikiwa imeganda, lakini kwetu ikiyeyuka hasara yake ni kupiga hatua mbili na kurudi nyuma moja.

Tulilala Tête Rousse. Kabla ya kulala mwongozaji aliazima sufuria ndogo jikoni, akalijaza maji na kuliweka nje juu ya ukuta wa mawe. Saa nane usiku alituamsha kwa kutugusa miguu, akatoka, akarudi na lile sufuria mkononi, akaliweka mezani chini ya taa ya kichwani mwake. Alichovya kidole. Maji yalitikisika, hayakuwa na hata utando wa barafu. Akasema tunashuka.

Nilibishana naye, na leo naona haya kuyaandika niliyosema. Nilimwambia ni mara ngapi nimefika Uhuru, nilimwambia mapafu yangu hayana tatizo, nilimwambia nimetoka mbali na sitarudi tena. Yaani nilimwambia maneno yale yale ambayo wageni wameniambia mimi usiku pale Gilman's Point, chini kidogo ya Uhuru, wakiwa na midomo ya bluu. Hakunijibu. Alimwaga maji juu ya mawe, akaanza kukunja kamba. Mzee wangu yule wa Kifaransa alikuwa amekwisha kuvua viatu na kurudi kitandani.

Asubuhi, tulipokuwa tukinywa kahawa nje kabla ya kushuka, tuliwaona vijana wawili wasio na mwongozaji wakisimama ukingoni mwa korongo. Jiwe linaloanguka kutoka juu sana halianzi na kishindo. Kwanza unasikia mvumo kama wa kundi la nyuki linalopita, ndipo kinakuja kishindo, na baada yake vumbi linalonuka kama kiberiti kilichowashwa. Moja lilikuwa na ukubwa wa jokofu. Liligonga ubavu wa korongo, likapasuka, na vipande vyake vikapita pale walipokuwa wanataka kukanyaga. Walingoja, wakakimbia, wakavuka. Walivuka salama, na inawezekana kabisa kwamba walifika kileleni siku hiyo, na kwamba huko kwao nao wameandikwa gazetini. Mimi nilishuka kwa treni.

Msomaji wa Kilimanjaro ataniambia kwamba mawe si mageni kwetu, na atakuwa sahihi. Januari 2006 wageni watatu kutoka Marekani waliuawa na mawe katika njia ya Western Breach, barafu iliyokuwa imeyashikilia ikiwa imeachia, na njia ile ikafungwa kwa muda. Sisi tulioko kwenye kazi hii hatujasahau. Tofauti ni kwamba Western Breach ni njia unayoweza kuiepuka, na wengi wetu tunaiepuka, ilhali lile korongo limekaa katikati ya njia inayoitwa ya kawaida.

Kilichonishughulisha zaidi niliporudi bondeni ni swali la namna mwongozaji wetu yule wa Chamonix alivyoweza kusema hapana kwa urahisi vile, tena kwa mgeni aliyelipa. Jibu nililipata katika historia ya chama chao. Agosti 1820 daktari mmoja mtafiti kutoka Urusi, Joseph Hamel, alipanda Mont Blanc na kundi la waongozaji wa Chamonix. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, wakakaa kwenye miamba ya Grands Mulets wakingoja, na theluji mpya ilikuwa imeanguka. Walipoendelea, poromoko la theluji liliwafagia, na waongozaji watatu wakatupwa katika ufa wa barafu: Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz. Mtafiti alirudi hai. Mwaka uliofuata, 1821, waongozaji wa Chamonix waliunda chama chao, ambacho kipo hadi leo, chenye mambo mawili ya msingi: kazi kugawanywa kwa zamu ili asiwepo wa kugombania mgeni, na mfuko wa kuwasaidia walioumia pamoja na wajane na mayatima. Mto wa barafu wa Bossons ulikaa na maiti za wale watatu kwa miaka 41; mwaka 1861 mabaki yao yalianza kutokea chini, karibu na mashamba, na mwongozaji mmoja aliyenusurika siku ile, sasa akiwa mzee, akaitwa kuyatambua.

Kwa hiyo mwongozaji anayekataa kuvuka korongo kule ana mambo nyuma yake. Malipo yake yanahesabiwa kwa siku za kazi, si kwa kilele. Akishuka, anashuka na ujira wake. Julai 2022, joto lilipozidi na mawe yakawa yanashuka mchana na usiku, vyama vya waongozaji vya Chamonix na Saint-Gervais vilisitisha kabisa kupandisha wageni kwa njia ile, na mapema Agosti vibanda vya Tête Rousse na Goûter vikafungwa. Hebu fikiria, Mhariri, sisi tusitishe safari katikati ya msimu wa Julai. Mwongozaji wa kwetu anajua kwamba bahasha ya siku ya mwisho, ile inayogawanywa pale kwenye nyasi wageni wakiimbiwa, inanenepa kama wamefika na inakonda kama hawakufika, na kwamba bahasha hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wake na wa wapagazi wake. Simlaumu mtu, kwa kuwa nami nimewahi kumsukuma mgeni mita mia mbili zaidi ya nilivyopaswa, nikiwaza bahasha. Naeleza tu kwa nini sufuria lile la maji liliniuma kuliko kukosa kilele.

Mwandishi wenu alitumia pia hoja ya kwamba watu wa Kilimanjaro wana asili ya milima mirefu zaidi na kwa hiyo Alpi haiwezi kuwatisha. Namwomba amtazame Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria na mmoja wa wapandaji hodari wa Alpi wa wakati wake, ambaye tarehe 6 Oktoba 1889 alisimama na Hans Meyer juu ya kilele cha Kibo, wawili wanaohesabiwa kuwa wa kwanza kuandikwa kufika hapo, katika msafara ambao sisi wa Marangu tunamkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa mwongozaji wake. Ncha moja ya Mawenzi mpaka leo inaitwa kwa jina la Purtscheller. Huyo aliyeishinda Kibo kabla haijawa na njia, kibanda wala geti, mwaka 1899 alianguka akiwa kwenye Aiguille du Dru, mnara wa mwamba wa mita 3,754 unaouona ukiwa umesimama kituoni Montenvers. Aliumia vibaya, akalazwa miezi mingi, na mwaka 1900 akafariki. Mnara huo unavipita vibanda vyetu vya Horombo, kwenye mita 3,720, kwa mita thelathini na nne tu. Mgeni wetu wa siku ya pili, anayelalamika kwamba bado hajaona kitu, amefika karibu sawa na pale. Na Dru yenyewe haijatulia, kwani Juni 2005 nguzo nzima ya mwamba, iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Bonatti, iliporomoka.

Kuhusu geti, ni kweli kwamba hakuna. Hakuna anayekata tiketi ya kuingia Mont Blanc na hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kuwa na mwongozaji, wakati kwetu huwezi kuvuka geti bila mmoja. Lakini tangu 2019 anayepita njia ya Goûter anatakiwa awe amekwisha kuweka nafasi ya kulala katika vibanda vya njiani, kupiga hema ovyo hakuruhusiwi, na wapo wanaokagua. Watu walipoendelea kupanda katika joto la mwaka 2022, Jean-Marc Peillex, meya wa Saint-Gervais, alitangaza kwamba anataka kila mpandaji aweke dhamana ya euro 15,000, yaani 10,000 za uokoaji na 5,000 za mazishi. Wengi walimwona amevuka mpaka. Mimi nilimwelewa, ingawa dhamana ya namna hiyo ingewazuia maskini na kuwaachia wapumbavu wenye pesa.

Wanaotegemea helikopta nao wana la kujifunza. Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama juu ya Mont Blanc katika dhoruba, na bonde zima likawa linawatazama kwa darubini kwa siku kadhaa huku wakubwa wakibishana ni nani wa kuwafuata. Helikopta iliyotumwa kuwachukua ilianguka karibu nao. Waokoaji walijikuta wanapaswa kuwaokoa marubani, na vijana wale wakaachwa ndani ya mabaki ya helikopta hiyo, wakafa humo. Ni baada ya fedheha ile ndipo mwaka 1958 kikaundwa kikosi cha askari cha uokoaji milimani kilichopo Chamonix hadi leo. Kinaokoa bure, kwa ustadi mkubwa. Ila helikopta hairuki ndani ya mawingu, na kwenye korongo la Goûter jiwe halisubiri simu ipokelewe.

Mpwa wangu nimemjibu, na majibu yale yale nayatoa kwa kijana yeyote wa kwetu aliyeko Ufaransa, Uswisi au Italia ambaye makala yenu imemtia hamu. Aende, ni mahali pazuri ajabu. Afike kwanza kwenye ofisi ya habari za milima mirefu iliyopo mjini Chamonix, mkabala na kanisa, ambako anaelezwa bure hali ya njia kwa wiki hiyo. Amtafute mwongozaji mwenye leseni, akubali siku mbili za kufundishwa kutembea, avae kofia ngumu, na asiweke ahadi na mtu yeyote kuhusu tarehe ya kupiga picha kileleni. Kama pesa za mwongozaji hazijatosha, asubiri mwaka mwingine.

Katika uwanja wa katikati ya mji ule kuna sanamu iliyowekwa mwaka 1887. Jacques Balmat, mtafuta vito wa kijijini, ananyoosha mkono kuelekea kileleni, na kando yake amesimama Horace-Bénédict de Saussure, msomi wa Geneva ambaye mwaka 1760 aliahidi zawadi kwa atakayeipata njia. Hayupo Michel-Gabriel Paccard, daktari wa kijiji, aliyefika kileleni pamoja na Balmat tarehe 8 Agosti 1786. Balmat alieneza habari kwamba daktari yule alikokotwa tu, watu wakaamini, na ikabidi baadaye sana yatafutwe maandishi ya Mjerumani aliyekuwa akiwatazama kwa darubini kutoka bondeni, ndipo Paccard akarudishiwa haki yake. Sanamu yake peke yake iliwekwa mwaka 1986, miaka 200 baada ya siku ile. Nilisimama pale na mzee wangu, tukila aiskrimu, nami sikujua kwamba nyumbani picha yangu imekwisha kuanza safari yake kutoka simu moja hadi nyingine, kila mmoja akiiongezea mita.

Picha hiyo alinipiga mzee mwenyewe siku moja baada ya kushuka, ili nisirudi Marangu mikono mitupu. Ni juu ya Aiguille du Midi, mahali ambapo gari la kebo limekuwa likipandisha watu tangu 1955, na siku hiyo nilipanda pamoja na watoto wa shule na bibi mmoja aliyevaa viatu vya kanisani na kumpakata mbwa. Kilele cha Mont Blanc ndicho kile chenye mviringo kilichoko nyuma ya bega langu la kulia, ambacho kwenye gazeti mlikikata ili picha ienee kwenye safu. Kama mtaichapisha tena, naomba msikikate, na chini yake muandike: Aiguille du Midi, mita 3,842, kwa gari la kebo, dakika ishirini, tiketi imelipwa na mgeni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako, mwongozaji wa wapanda mlima,
Marangu, Kilimanjaro